Mafuriko na Mmomonyoko wa Pwani: Serikali Hufanya Nini, na Sisi Tuingie Wapi?

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi kwenye semina ya kamati za maendeleo za sharika)



Nimeombwa nieleze jinsi Serikali inavyokabili mafuriko na bahari inayokula nchi kavu. Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 Dar es Salaam, nilisimamia ugawaji wa mabati kwa familia za bonde la Msimbazi. Taarifa niliyowapelekea wafadhili ilipendeza, tena ilikuwa na picha. Sikuandika kwamba nyumba zile zilikuwa ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, mahali ambapo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu. Desemba 2015 matingatinga yaliingia bondeni, na mabati yetu yakaenda na nyumba.

Serikali ilikwisha kuonyesha mwelekeo wake mapema. Waathirika wa 2011 walipewa viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji. Baadhi yao walirudi bondeni, wakaitwa wakaidi. Mimi siwezi kuwaita hivyo. Mama anayefua nguo za watu Upanga au kuuza vitumbua Kariakoo, nauli ya kwenda na kurudi itambakizia nini? Kiwanja kilikuwa kikavu, ila riziki ilibaki mjini.

Sasa upo Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2022. Mpango wake ni kuongeza kina cha mto sehemu ya chini, kujenga daraja refu zaidi Jangwani na kufanya bonde kuwa bustani ya mji. Wakazi wametathminiwa na kulipwa fidia. Hiyo ni hatua kubwa kuliko kubomoa tu, lakini swali la mama wa vitumbua liko palepale.

Upande wa bahari, kazi inayoonekana zaidi ni kuta. Zimejengwa kando ya Barabara ya Barack Obama, Kigamboni na Pangani. Zinasaidia, lakini ni ghali, na haiwezekani kuzungushia ukuta pwani yote kutoka Tanga hadi Mtwara. Kwa hiyo Serikali huchagua mahali. Watu wa Pangani wanakikumbuka kisiwa cha Maziwe, kilichotangazwa hifadhi mwaka 1975 kwa sababu ya kasa waliotaga pale. Mapema miaka ya 1980 kilikuwa kimekwisha. Leo ni fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa.

Tena ukuta hauleti mchanga. Mchanga wa fukwe nyingi huletwa na mito, na tukiuchimba mtoni kwa ajili ya matofali, ufuko unakosa chakula chake. Kunduchi wameliona hilo. Kuzuia uchimbaji huo na kulinda mikoko si gharama kubwa, ila kunahitaji macho ya wanakijiji kila siku. (Na wachimbaji wengine ni washarika wetu, tusifichane.)

Lipo pia suala la tahadhari. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mvua kubwa mapema, lakini Aprili 2024 Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa kwa mafuriko na maporomoko. Kati ya tangazo la redioni na mlango wa bibi anayeishi peke yake kuna pengo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati za maafa hadi ngazi za chini. Nani hapa anamjua mwenyekiti wa kamati ya kwake? (Mikono miwili ilinyooshwa.)

Ombi langu kwa sharika zilizo mabondeni na ufukoni: kabla ya robo mwaka ijayo, andikeni kaya zilizo ndani ya mita 60. Wapangaji pia, maana mara nyingi husahaulika. Andikeni kila mmoja anajipatia riziki wapi. Tathmini ikija tuwe na karatasi mkononi.

Kwa wafadhili: mtuvumilie tukileta taarifa isiyo na picha za mabati. Tutaomba nauli za miezi ya kwanza na mitaji midogo kwa wanaohama.

Fomu ziko kwa katibu, pale mlangoni.