Mwalimu Jirani Yetu na Siasa ya Nchi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Nimeombwa na kamati niseme kwa muda wa nusu saa juu ya jambo lo lote linalowafaa wafanyi kazi. Walionitangulia miezi iliyopita walisema juu ya usalama kazini na juu ya chama cha akiba na mikopo, na walisema vizuri. Mimi si msomi. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, na mengine nimefundishwa na reli yenyewe. Basi nitasema juu ya mwalimu mmoja. Wengi wenu mnamjua kwa sura, kwa kuwa anakaa nyuma ya landhi, katika vile vyumba vya mabati, na kila asubuhi hupita kando ya reli na mkoba wake begani. Jina lake sitalitaja. Mwenyewe aliniambia, "Kijana wa reli, sema habari za kazi, usiseme habari zangu."

Wako watu hapa humwita mkomunisti. Yeye akisikia hucheka, kisha huuliza: mkomunisti ni nani? Ni mtu anayetaka mtoto wa kibarua akalie dawati sawa na mtoto wa mkubwa? Kama ndiyo, basi andikeni jina langu la kwanza. Mimi naona jina hilo tunalitumia kama mawe ya kutupia mbwa, bila kujua maana yake.

Hebu kwanza niwaeleze siku yake ilivyo. Huamka saa kumi na moja, huchota maji madumu mawili, na saa kumi na mbili na nusu yuko njiani. Darasa lake lina watoto 74. Mwajua maana yake? Akitaka kusahihisha daftari moja kwa dakika mbili tu, ni zaidi ya saa mbili kwa somo moja, na masomo ni mengi. Husahihisha usiku, na umeme ukikatika husahihisha kwa mwangaza wa simu. Saa sita mchana hula githeri ya shule kwa sahani ile ile wanayolia watoto. Jumamosi hulima kipande cha ardhi alichokodi, apate sukuma wiki. Mkewe yuko nyumbani na shamba, na binti yao yuko chuoni, na karo hutoka kwa mkopo wa ushirika ambao hautaisha kabla ya yeye kustaafu. Huyu ni mtu mwenye miaka zaidi ya thelathini katika kazi ya chaki.

Jioni ndipo tunapoonana. Tuna desturi ya kukaa mbele ya duka la kinyozi, pale gazeti la juzi linapopatikana bure, nami nikiwa sina zamu ya usiku huketi naye. Siku moja aliniambia nilete karatasi yangu ya mshahara, naye akaleta yake. Tukaziweka pamoja juu ya benchi. Akaniuliza, "Ni wapi karatasi hizi mbili zinatofautiana?" Nikaangalia. Mwajiri ni mbali mbali, na hesabu ya mshahara ni mbali mbali, lakini makato ni yale yale. Katika kila shilingi 1,000 ya mshahara mzima, shilingi 15 ni za nyumba, tangu sheria ya Machi 2024, na mwajiri naye huongeza 15 zake. Shilingi 27 na senti 50 ni za bima ya afya tangu Oktoba 2024. Halafu kuna akiba ya uzeeni na kodi ya mapato. Akasema, "Sasa umeona. Serikali imekwisha tambua kuwa sisi ni watu wa namna moja. Ni sisi wenyewe tu ambao hatujatambua." Neno hilo lilinikaa moyoni, na ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Juu ya siasa ya nchi, fikira zake ni hizi, nami nitazieleza kadiri nilivyozielewa. Yeye huanzia kwenye ahadi. Katika uchaguzi wa 1963 chama cha KANU kiliahidi watu elimu ya bure ya miaka saba. Miaka ikapita. Mwaka 1974 karo ikafutwa kwa darasa la kwanza mpaka la nne, watu wakashangilia, lakini shule zikaanza kutoza fedha za majengo, na wazazi wengi wakajikuta wanalipa zaidi kuliko mwanzo. Ilikuwa mpaka Januari 2003 ndipo karo ya shule za msingi ilipofutwa kweli, na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia madarasani. Hiyo ni miaka 40 kutoka ahadi ya kwanza. Mwalimu husema hilo lilikuwa jambo kubwa na halimnyimi sifa aliyelitenda. Lakini tangu 1998 Serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri walimu wapya, isipokuwa kujaza nafasi za waliokufa au kustaafu. Watoto wakaongezwa, walimu hawakuongezwa. "Walifungua mlango," husema, "wakasahau kuongeza vitanda." Wale 74 wake ni matunda ya hesabu hiyo.

Halafu huja kwenye ile Karatasi Na. 10 ya 1965, iliyoitwa ya Ujamaa wa Kiafrika. Anayo nakala, imechakaa kama tikiti ya zamani. Alinisomea mahali panaposema fedha za maendeleo zitiwe zaidi katika sehemu zinazoweza kuzaa faida upesi. Akaniuliza, "Wewe mtu wa reli, sehemu gani hizo?" Hapo hakuna haja ya kusoma sana. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na matawi yake baadaye yakaelekezwa penye mashamba ya masetla. Basi faida ya upesi ilikuwa pale pale Mkoloni alipokwisha tia fedha. Sehemu zisizopitiwa na reli wala lami ziliambiwa zingoje. Mwalimu husema huo ulikuwa ujamaa wa jina tu, na waliosema hivyo mapema hawakudumu. Pio Gama Pinto alipigwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Jaramogi Oginga Odinga, ambaye naye alikuwa mwalimu Maseno kabla ya siasa, alijiuzulu Umakamu wa Rais mwaka 1966, na Bildad Kaggia akamfuata katika chama kipya cha KPU. Mwaka 1969 chama hicho kilipigwa marufuku.

Niseme hapa kidogo juu ya walimu na dola, maana watu wengi hudhani mwalimu ni mtu wa kusema ndiyo bwana. Mwaka 1952 Serikali ya Kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, moja ya mambo iliyoyafanya ni kufunga shule za kujitegemea za Wakikuyu na chuo cha walimu cha Githunguri. Tanganyika, mwaka 1955, Julius Nyerere alitakiwa achague kati ya kufundisha Pugu na siasa ya TANU, akaacha kazi. Na baada ya uhuru haikuwa tofauti sana. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitiwa kizuizini siku ya mwisho ya mwaka 1977, akakaa karibu mwaka mzima, na mwaka 1982 walimu wengine kadhaa wa vyuo vikuu walifungwa au wakawekwa kizuizini. Sababu yake ni nyepesi. Mwalimu anajua kusoma, na anakaa na watoto wa watu.

Lakini, ndugu zangu, msidhani ninakubaliana naye kila jambo. Juu ya kura tunabishana mpaka kinyozi anafunga duka. Yeye husema uchaguzi ni kubadilisha dereva huku gari likielekea kule kule. Mimi namwambia hapana, dereva ana maana. Aliyeendesha gari moshi anajua hivyo. Kama kura haina maana, ile ya 2002 isingeleta elimu ya bure ya 2003. Hunyamaza, kisha huleta habari ya Juni 2024, vijana walivyoingia barabarani juu ya Mswada wa Fedha, wakafika mpaka ndani ya Bunge tarehe 25, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais akakataa kutia sahihi mswada ule. "Ni kura gani iliyofanya hivyo?" aniuliza. Nami namjibu kuwa vijana waliokufa wangetakiwa wawe hai wapige kura ya 2027. Hatujamaliza ubishi huo.

Juu ya reli mpya pia tunatofautiana. Ile ya Mombasa mpaka Nairobi ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, na sehemu kubwa ya fedha ni mkopo wa benki ya Exim ya China. Yeye huona deni tu, na huuliza kwa nini mikataba ilifichwa mpaka sehemu yake ikatolewa hadharani Novemba 2022. Katika hilo la kuficha yuko sawa. Lakini kwangu mimi reli si deni peke yake. Mwanamke atokaye Mombasa na mzigo wake hufika Nairobi mchana ule ule, na gari moshi halimuulizi kabila lake. Kosa ni la walioweka sahihi gizani, si la chuma.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi wenyewe.

Katika shule ya mwalimu huyu waliletwa vijana wa kufundisha sekondari msingi, wenye shahada za chuo kikuu, wakaitwa wanagenzi. Walipewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na walifundisha vipindi vile vile, pengine na zaidi. Nchi nzima walikuwa zaidi ya 40,000. Mmoja wao alikuwa akila chakula cha mchana katika sahani moja na mwalimu wetu, kwa sababu ikifika tarehe 15 hana kitu. Aprili 2024 Mahakama ya Kazi ilisema mpango ule haukufuata sheria. Mwajiri akakata rufani. Vijana wakagoma, wakaandamana na matawi ya miti mikononi.

Mwalimu aliniambia jambo lililomuuma zaidi. Halikuwa Serikali, maana Serikali aliizoea. Mwaka 1997 alikuwamo katika mgomo uliopata nyongeza ya asilimia 150 mpaka 200, igawanywe kwa miaka mitano. Uchaguzi ulipopita wakalipwa sehemu ya kwanza, na nyingine ikakataliwa, wakagoma tena 1998. (Mimi nilikuwa mtoto wa shule wakati huo, na tulicheza mpira majuma yote yale.) Mwaka 2015 alikaa majuma matano nje, kwa nyongeza ya asilimia 50 mpaka 60 iliyotolewa na mahakama moja, na mahakama ya juu yake ikaifuta. Hayo hayakumvunja. Kilichomuuma ni kusikia walimu wenye kazi ya kudumu wakisema katika chumba cha walimu, "Hao ni wanagenzi, hayo si yetu." Watu wa chama! Yeye akasimama akawauliza: mwajiri akiweza kupata mtu mwenye shahada kwa shilingi 20,000, mwaka ujao atakulipa wewe mara tatu kwa sababu gani? Hakuna aliyejibu. Vijana wale walisimama wenyewe, na mwanzo wa mwaka 2025 wakaingizwa katika kazi ya kudumu. Wengine wameletwa nyuma yao kwa mpango ule ule.

Ndugu zangu, tuangalie karakana yetu. Wako vijana wa kandarasi wanaobeba vyuma pamoja nasi, wanaotambaa chini ya mabehewa pamoja nasi, na wengine wana mwaka wa tatu wanaitwa vibarua. Katika mkutano wa mwezi wa pili baadhi ya wanachama walisema hapa, na imeandikwa katika kumbukumbu, kuwa wakiingizwa chamani watatuharibia mapatano. Mimi naheshimu wazee waliosema hivyo, maana wamelinda chama hiki katika siku ngumu. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mwezi, na Katiba kifungu cha 41 humpa kila mfanyi kazi haki ya kujiunga na chama. Makhan Singh na Fred Kubai walipounda shirikisho la vyama mwaka 1949, Mhindi na Mwafrika katika chama kimoja, kuna waliosema pia haitafaa. Makhan Singh alilipa kwa miaka 11 na zaidi ya kifungo na kizuizini, kutoka Mei 1950 mpaka Oktoba 1961. Kitabu chake juu ya habari za vyama vya wafanyi kazi nimeazimwa na mwalimu. Anayetaka kukisoma baada yangu aje, ila asikunje kurasa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta hoja kwamba tawi hili lifungue daftari la wanachama kwa vijana wote wa kandarasi, na ada yao iwe nusu mpaka watakapopata kazi ya kudumu. Fomu ziko kwa Bwana Katibu. Mwalimu naye amekubali kuja hapa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, atufundishe kusoma karatasi ya mshahara mstari kwa mstari. Malipo hataki. Kila mtu alete karatasi yake, na walio na zamu wawape wenzao.