Mwanzo wa Mashindano ya Mbwa Katika Theluji

Wengi wetu twamjua mbwa kwa kazi ya kulinda boma na kufuatana na wawindaji. Leo nitawaelezeni habari za mbwa wafanyao kazi ya farasi. Nchi yao ni Alaska, jimbo la Marekani lililo kaskazini kabisa. Huko mbwa hufungwa pamoja ili wavute sleji, yaani chombo kisicho na magurudumu, kiendacho juu ya mbao mbili ndefu zitelezazo.

Kila mwaka katika mwezi wa Machi hufanywa mashindano yaitwayo Iditarod, mpaka mji wa Nome ulio katika pwani ya magharibi, mwendo wa karibu maili 1,000. Mashindano ya kwanza ya kufika Nome yalikuwa mwaka 1973. Bwana Joe Redington na wenzake waliyaanzisha kwa sababu mashine za kwendea juu ya theluji zilikuwa zikichukua kazi ya mbwa, nao waliogopa ujuzi wa wazee usipotee.

Jumamosi mbwa hupitishwa katika barabara za mji wa Anchorage ili watu wawatazame, lakini saa za siku hiyo hazihesabiwi. Mbio zenyewe huanza kesho yake, mara nyingi mahali paitwapo Willow. Waganga wa wanyama wamekwisha kupima damu na moyo wa kila mbwa. Mbwa huvikwa viatu vya kitambaa ili barafu isiwaumize nyayo. Katika sleji ni lazima mwe na shoka, mfuko wa kulalia, jiko, na viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji.

Washindani hawaondoki pamoja. Hutoka mmoja mmoja, kila baada ya dakika 2, na tofauti hiyo husawazishwa baadaye katika mapumziko ya lazima ya saa 24. Mbwa waonapo wenzao wakienda, hubweka, huruka, na kuvuta kamba kwa nguvu zote. Hapo kazi si kuwahimiza, bali kuwazuia. Watu kadha wa kadha huwashika, na sleji hufungwa kwa nyuma. Mbele husimama mbwa viongozi, waliochaguliwa kwa akili. Karibu na sleji, wale wenye nguvu. Hatamu hakuna, mwendeshaji huwaongoza kwa sauti tu.

Msimamizi huhesabu: tano, nne, tatu, mbili, moja! Wanaachiliwa. Mara kelele za mbwa hukoma, ikasikika sauti ya sleji ikiteleza juu ya theluji.

Sasa ndipo mwendeshaji apimwapo. Mbwa wana nguvu tele, watu wanashangilia, naye moyo wake wataka kuwaacha wakimbie watakavyo. Lakini mwenye busara hukanyaga breki. Mbwa wakikimbia kupita kiasi siku ya kwanza, huumia misuli na viungo, au huzidiwa na joto la mwili. Na hata mshindi huchukua siku zipatazo 9 njiani. Mbwa aliyeumia huachwa kituoni, wala hairuhusiwi kumweka mwingine mahali pake.

Basi, Mabibi na Mabwana, mashindano hayo hayashindwi pale mwanzoni, lakini yaweza kupotezwa papo hapo. Wazee wetu walisema: mwenda pole hajikwai. Maneno hayo yangefahamika vema hata katika theluji ya Alaska.