Mafunzo ya Awali ya Usalama wa Silaha



Katika vijiji vya uwanda wa kati, Mpwapwa na Kondoa zikiwamo, gobole limetumika miaka mingi kulinda mashamba dhidi ya nguruwe-mwitu na ngedere. Baruti na goroli hushindiliwa mdomoni mwa mtutu, na kuzitoa bila kufyatua ni kazi ngumu. Hivyo gobole hurudishwa nyumbani likiwa limeshindiliwa, likaegemezwa ukutani, mahali mtoto anapolifikia.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mmiliki awe na leseni, na mwaka 2022 Serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha silaha haramu kwa hiari. Lakini karatasi ya leseni pekee haizuii ajali.

Kila mmiliki na jamaa zake hawana budi kufundishwa haya: silaha yoyote ihesabiwe kuwa imejazwa, mtutu usielekezwe kwa mtu, kidole kikae mbali na kifyatulio hadi shabaha itambulikane, silaha na risasi zifungiwe mahali mbalimbali. Mtoto aionapo, asiiguse, amwite mkubwa.

Baada ya mlio, majuto hayarudishi risasi mtutuni.