Je, Kifaru Ndicho Kishindacho Vita?



Siku si nyingi vijana wa darasa langu hapa Bulyanhulu walifanya majadiliano juu ya vita. Kijana mmoja, hodari wa maneno, alisimama akasema: "Wazee wetu walitawaliwa na wageni kwa sababu walikosa bunduki, basi. Mwenye chuma kikubwa ndiye mwenye nchi. Asiye na kifaru na anyamaze." Wenzake wakampigia makofi mengi. Mimi nilikuwa mwamuzi, kwa hiyo sikusema neno. Walakini maneno yale yalinikaa moyoni, maana kijana afikiriye hivyo amekwisha kushindwa kabla hajamwona adui. Leo nataka kumjibu, wala sitakwenda mbali kutafuta ushahidi.

Twende kwanza Ulyankulu, katika Unyamwezi, kusini ya kwetu, mwaka wa 1871. Mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji, na Waarabu wa Tabora, ambao mali yao ilipita njia ile, walikasirika sana. Wakakusanya watu na bunduki ili kumwondoa. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akafuatana nao. Kijana wa Kiarabu jina lake Soud bin Said akaongoza watu kiasi cha 500, wakaishambulia boma ya Ulyankulu, wakaingia na kuiteka. Ndani walipata pembe za ndovu zaidi ya 100, na robota za nguo, na mateka wengi.

Je, Mirambo alikuwa wapi? Alikuwa ametoka kwa lango la upande wa pili pamoja na watu wake, asipoteze nguvu kwa kugombea miti ya boma. Akazunguka, akawalaza watu wake katika majani marefu kando ya njia, mahali ambapo alijua kwa hakika kwamba adui atapita akirudi. Nao wakaja, safu ndefu yenye mizigo, kila mmoja akiwaza habari ya fungu lake. Mara majani yakasimama yakawa watu wenye mikuki. Soud akauawa pamoja na wengi wa watu wake. Waliopona wakakimbia usiku kucha. Stanley mwenyewe, ambaye alikuwa akiugua homa kambini, alirudi nyuma pamoja nao. Angalieni jambo hili: bunduki za jioni zilikuwa zile zile zilizoshinda asubuhi. Hazikuharibika. Kilichobadilika ni mahali, na saa, na mawazo ya wenye kuzichukua.

Miaka 20 baadaye, tarehe 17 Agosti 1891, mambo yaliyofanana na hayo yalitokea Lugalo, katika nchi ya Wahehe. Safari hii tofauti ya silaha ilikuwa kubwa mno. Jemadari wa Kijerumani Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, alikuwa na mizinga na bunduki za Maxim, silaha iwezayo kuangusha watu kama mvuna mtama. Lakini mzinga uliofungwa juu ya mgongo wa punda si mzinga, ni mzigo. Wahehe walijificha kwa maelfu karibu na njia, wakasikia mlio wa ishara, wakatoka mbio. Punda wakashtuka, askari wakavurugika, na kabla silaha zile hazijawekwa tayari mikuki ilikuwa imekwisha kufika. Nyundo akafa, na Wazungu wengine tisa, na askari na wapagazi mamia.

Hapa sitaki kuwadanganya, maana mwalimu asemaye nusu ya habari ni mwongo. Wahehe walichukua Lugalo bunduki zipatazo 300. Mkwawa akarudi Kalenga, penye ukuta wake mrefu wa mawe na udongo, akamngoja adui ndani. Sasa alikuwa na bunduki, alikuwa na ngome; na hapo ndipo aliposhindwa. Tarehe 30 Oktoba 1894 von Schele aliishambulia Kalenga akaitwaa. Ukuta hauhami. Adui aweza kuutazama, akachagua mahali pa kuupenyea na saa ya kuanza. Mwaka uliotangulia Isike wa Unyanyembe aliyaona hayo hayo pale Tabora: aliwarudisha Wajerumani zaidi ya mara moja, lakini mwezi wa Januari 1893 wakaivunja boma yake, naye akawasha baruti yake mwenyewe ili asikamatwe hai.

Basi kijana wangu ana haki kidogo. Mjerumani aliyepoteza kikosi aliweza kuleta kingine katika merikebu, na risasi nyingine, na mizinga mingine. Mkwawa alipigana porini hata mwaka wa 1898, lakini kila mtu wake aliyekufa hakupata badala yake. Kwa maoni yangu, hila huamua pigano. Ghala huamua kama utaweza kupigana tena mwakani. Asiyepambanua mambo hayo mawili atabishana mpaka kuche.

Lakini vijana walitaja vifaru, nami sijakisahau kifaru. Wasikilizaji wa upande wetu wajua udongo mweusi wa mbuga unavyokuwa wakati wa masika: gari dogo huteleza, gari kubwa huzama, na mwenye baiskeli huibeba begani akapita. Kumbukeni hayo ninapowaeleza habari za Lukaya.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Tanzania ikawatoa, kisha ikaingia Uganda. Mwezi wa Machi 1979 brigedi yetu ya 201 ilifika Lukaya, mji mdogo kwenye barabara ya Kampala. Mbele yake palikuwa na kinamasi kikubwa, na barabara ilipita juu ya tuta. Libya ilikuwa imemletea Amin msaada, na tarehe 10 Machi vifaru 15 vya aina ya T-55 vikaja pamoja na magari mengine ya vita, na mizinga ya maroketi iitwayo Katyusha. Maroketi mengi yalipita juu ya vichwa vya watu wetu bila kuwadhuru. Hata hivyo ule mlio ulitosha: askari wengi walikuwa wageni wa vita, wakatawanyika, na Lukaya ikapotea. Siku ile, naam, chuma kilishinda.

Amri ya Walibya ilikuwa kuendelea mpaka Masaka. Hawakuendelea, walikaa Lukaya. Na usiku ule brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi kama kilometa 60, iliambiwa iharakishe kwenda kuishika barabara ya Kampala nyuma ya adui. Alfajiri ya tarehe 11 brigedi ya 201 ikashambulia kwa mbele, na ya 208 kwa nyuma. Kifaru kilicho kwenye barabara nyembamba, huku na huku kinamasi, chaweza kugeukia wapi? Walibya zaidi ya 200 waliuawa, na askari wa Amin wengi, na jemadari wao Godwin Sule akafa papo hapo. Baada ya mwezi mmoja Kampala ilitwaliwa.

Mirambo angalikuwako Lukaya asingalihitaji kuelezwa shauri lile. Angaliuliza tu majani marefu yako upande gani.

Juma lijalo vijana wangu watarudia majadiliano yao. Yule hodari wa maneno nimempa upande wa pili, naye tangu jana amekuja kwangu mara tatu kuazima ramani.