Kuchanganya Mvinyo wa Zabibu

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya wakulima wa zabibu)



Mkulima wa zabibu wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka: karibu na mwezi Machi, na tena kati ya Agosti na Septemba. Zabibu za wakati wa mvua huwa na maji mengi na sukari kidogo. Za kiangazi huwa tamu zaidi. Kwa sababu hiyo atengenezaye mvinyo nyumbani hujikuta ana mivinyo miwili, mmoja mwepesi na mchachu, mwingine mzito. Kuichanganya kwa kipimo ni jambo jema, ila kuna masharti.

Kwanza, kila mvinyo uonjwe peke yake. Unaonuka siki umekwisha kuharibika, wala hautibiwi kwa kutiwa katika mvinyo mzuri. Mwanachama mwenye lita 40 safi akimimina humo lita 10 zilizogeuka siki, hakuokoa lita 10. Amehatarisha zote 50. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Lita hizo 10 ziwe siki ya jikoni, nazo ziwekwe mbali na mapipa.

Pili, ijaribiwe kwanza katika glasi: sehemu 3 kwa 1, nusu kwa nusu, na 1 kwa 3. Watu wawili au watatu waonje bila kuambiwa ipi ni ipi. Wakichagua 3 kwa 1, ndipo lita 15 zichanganywe na lita 5. Ikiwa wa kwanza una kilevi asilimia 12 na wa pili asilimia 9, mchanganyiko utakuwa na asilimia 11.25.

Tatu, pasiwe na haraka. Mvinyo wenye sukari ukikutana na hamira iliyobaki katika mwingine, huweza kuchachuka upya, na chupa iliyozibwa mapema hupasuka. Mchanganyiko ukae majuma kadhaa katika chombo kilichojaa, chenye mpira wa kutolea hewa ambao ncha yake imezama majini. Mapovu yakikoma na mvinyo ukitakata, uhamishwe bila mashapo.

Mwisho, Katibu aandike daftarini tarehe, mavuno, lita na kipimo cha kila mchanganyiko. Pasipo daftari, mvinyo uliosifiwa mwaka huu hautapatikana mwakani. Na mnunuzi aliyeuziwa chupa moja mbovu hatamlaumu mwanachama mmoja, atakilaumu chama kizima.