Aliyeumba Ulimwengu, Naye Kaumbwa na Nani?



Vijana wangu, ndugu zangu na dada zangu, leo sitawachosha. Nataka tuzungumze swali moja tu, manake najua wengi wenu mnalo na mmelinyamazia.

Juzi kijana mmoja alinifuata nje ya msikiti, viatu bado mkononi. Akaniambia, "Ustadh, nikiwa madrasa niliuliza: kama kila kitu kina muumba, Mungu naye kaumbwa na nani? Nikaambiwa nyamaza, hayo ni ya shetani. Nikanyamaza, lakini swali halikunyamaza." Sasa yuko chuo, na amekutana na video kwenye simu inayosema huenda ulimwengu wote huu ni programu ya kompyuta, imetengenezwa na viumbe walioendelea kutuzidi. Akaniuliza, "Hao na Mwenyezi Mungu, tofauti ni gani?"

Huyu hajakufuru, jamani. Huyu anatafuta. Na sisi tukimfukuza, simu yake itampokea.

Ndiyo, iko hadithi mashuhuri inayotufundisha tujikinge kwa Allah wasiwasi kama huo ukituingia. Lakini wasiwasi wa kukusumbua ni kitu kimoja, na mtu anayeuliza ili aelewe ni kitu kingine. Wanazuoni wetu walijibu. Hebu tuwasikilize.

Kwanza, swali lenyewe lina kasoro. Wanazuoni hao hawakujenga hoja kwa kusema "kila kitu kina muumba." Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisema kila chenye mwanzo kina sababu. Ulimwengu una mwanzo, basi ulimwengu una sababu. Asiye na mwanzo haingii kwenye hesabu hiyo.

Kabla yake Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alipita njia nyingine. Alisema viko vitu ambavyo vingeweza kuwepo au kutokuwepo. Mimi na wewe tungeweza tusizaliwe. Vitu hivi havina uwepo wao wenyewe, vimepewa. Chukulia umeniomba shilingi mia ya nauli. Nikakwambia ngoja nikope kwa Ali. Ali naye anakopa kwa Juma, Juma naye anakopa kwingine. Kama kila mmoja anakopa, hata foleni iwe ndefu vipi, hiyo mia itakufikia? Haiwezekani. Lazima awepo mmoja mwenye pesa yake mwenyewe. Huyo Ibn Sina alimwita ambaye kuwepo kwake ni lazima.

Sasa rudi kwa wale viumbe wa kompyuta. Mwanafalsafa Nick Bostrom aliandika hoja hiyo mwaka 2003, na hata yeye hakusema kwamba imethibitika tunaishi ndani ya programu. Lakini tuseme wapo. Kompyuta yao inahitaji nguvu ya kuiendesha. Wao wenyewe wameendelea, maana yake kuna siku walikuwa hawajaendelea. Basi nao wako kwenye foleni ya wakopaji! Umelipandisha swali ghorofa moja juu tu, hujalijibu. Tofauti na Mwenyezi Mungu ndiyo hiyo. Yeye si kiumbe mkubwa kuliko wengine. Yeye si kiumbe kabisa.

Na sayansi je? Mwaka 1931 Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyekuwa pia mwanafizikia, alieleza kwamba ulimwengu ulianza kutokana na kitu kidogo kilichoshikana sana. Mwaka 1964 Wamarekani wawili, Penzias na Wilson, walisikia mvumo usioisha kwenye antena yao. Walidhani ni kinyesi cha njiwa, wakaisafisha, mvumo ukabaki. Kumbe ni mabaki ya joto la zama za mwanzo wa ulimwengu, unaokadiriwa kuwa na miaka bilioni 13.8.

Lakini tahadhari, vijana. Usikimbie kusema, "Haya, sayansi imemthibitisha Allah!" Sayansi inaeleza ulimwengu ulivyopanuka. Kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na chochote, hilo halipimwi kwa antena. Lemaître mwenyewe, pamoja na upadri wake, hakutaka nadharia yake ichanganywe na dini. Nadharia zinaweza kubadilika. Usifunge imani yako kwenye kitu ambacho kesho kinaweza kurekebishwa.

Wala usiogope kusoma. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco, hapa hapa baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru, manake ilikuwa sikukuu yetu. Anga imechunguzwa kutoka pwani yetu. Kwa nini wewe uone haya kuiulizia?

Al-Ghazali alimpinga Ibn Sina kwa kitabu. Ibn Rushd wa Andalusia naye akampinga al-Ghazali kwa kitabu. Maswali mazito yalijibiwa kwa hoja. Basi nawe mzazi, nawe ustadh, mtoto akiuliza, kaa naye. Kama hujui, mwambie sijui, twende tukatafute pamoja.

Na yule kijana? Tumekubaliana kukutana kila Jumamosi baada ya Isha. Safari hii aje na swali lake mkononi, viatu aviache mlangoni.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullah.