Mafunzo ya Watu Wazima kwa Redio: Kitabu cha Pili

Nawasalimu ninyi nyote mlio madarasani jioni hii, na hasa wanafunzi wa Segese, akina baba mliotoka kwenye maduara ya dhahabu na akina mama mliotoka shambani na sokoni. Kila mmoja awe na daftari na kalamu mkononi.

Katika masomo yaliyopita tulisoma Kusadikika, kitabu cha marehemu Shaaban Robert kilichochapishwa mwaka 1951. Leo tunaanza kitabu chake kingine, Kufikirika. Najua yuko atakayeuliza, “Cha pili cha nini, na kile cha kwanza tumekwisha kukimaliza?” Ameuliza vema, na swali lake ndilo somo letu la leo.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Kusadikika ni nchi ya kubuni, iliyo angani. Karama ameshitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe elimu ya sheria. Yeye hakupiga magoti. Alisimama mbele ya mfalme na baraza, akaeleza habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alitumwa upande wake, akapata taabu, akarudi na mawazo ya kuifaa nchi, na shukrani aliyopewa ikawa gereza. Mwisho Karama alishinda, na wafungwa wakafunguliwa.

Hapo msomaji hufurahi, akafunga kitabu, akalala usingizi mwema. Lakini nchi mbaya haitengenezwi kwa kesi moja.

Jambo hili limewashughulisha waandishi wa nchi nyingine pia. Huko Marekani bibi mmoja, Suzanne Collins, aliwaandikia vijana kitabu kiitwacho The Hunger Games, mwaka 2008. Nchi yake ya kubuni inaitwa Panem, na wakubwa wake kila mwaka huwakusanya vijana na kuwalazimisha wauane, watu wakitazama. Msichana Katniss ametoka wilaya ya wachimbaji wa makaa ya mawe, na baba yake alifia mgodini. Nadhani ninyi wa Segese hamhitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Katniss anashinda na kurudi kwao. Mwaka uliofuata, 2009, kikatoka kitabu cha pili, Catching Fire. Humo rais wa nchi anakuja nyumbani kwake kumtisha, na baadaye msichana yule anarudishwa katika michezo ile ile aliyookoka. Basi kazi ya kitabu cha pili ni hiyo: kuushika ushindi wa kitabu cha kwanza na kuuliza umemfaa nani, na umedumu muda gani.

Sasa turudi kwetu. Sitaki kuwadanganya: Kufikirika si mwendelezo wa hadithi ya Karama. Karama hamtamwona humo. Tena mswada wake uliandikwa mwaka 1946, ila kitabu kilichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Kwa hiyo kilichotufikia sisi nyuma kilitangulia kutoka kalamuni. Hata hivyo vitabu hivi ni ndugu, na nchi hizi mbili ni majirani. Vyote viwili ni vyembamba, na anayesoma kimoja akakiacha kingine amesikia upande mmoja tu wa shauri.

Mfalme wa Kufikirika ana kila kitu ila mtoto. Anawaita waganga, kundi baada ya kundi, nao wanashindwa. Watabiri wanampa tumaini: mtoto atazaliwa. Lakini wanaongeza neno, kwamba mtoto huyo ataugua, na hatapona mpaka watolewe kafara watu wawili, mmoja mwerevu na mmoja mjinga. Yuko pia mwalimu wa mtoto wa mfalme, aliyefukuzwa kazi kwa sababu aliingiza michezo katika masomo. Mengine siyasemi, mtayasoma wenyewe.

Pimeni sasa tofauti. Karama alikuwa na neno la kusema, akalisema, akashitakiwa. Wale wajumbe sita nao walikwenda na kurudi na habari. Msomaji anaweza kujifariji moyoni, “Mimi nikinyamaza, sitapatwa na lolote.” Lakini mjinga wa Kufikirika amesema nini? Amemkosea nani? Anatafutwa kwa kuwa ni mjinga tu, kama mwenzake anavyotafutwa kwa kuwa ni mwerevu. Kwangu mimi kitabu hiki kinatisha kuliko kile cha kwanza, ingawa wengi hukisifu zaidi Kusadikika.

Shaaban Robert aliyajua mambo ya utawala kwa karibu. Alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akawa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi. Karani wa namna hiyo hawezi kuandika waziwazi kwamba wakubwa wake wanaonea watu. Lakini nchi ya angani haina bwana shauri wa kulalamika! Ndiyo maana wahakiki wengi wameiona Kusadikika kuwa ni Tanganyika iliyovishwa nguo nyingine.

Kuna sababu nyingine ya kutoishia kitabu cha kwanza. Shinyanga ilikuwa ndani ya mradi wa majaribio wa UNESCO wa kufuta ujinga katika mikoa ya Ziwa, kati ya mwaka 1968 na 1972. Maelfu walijifunza kusoma. Baadaye, mwaka 1974, likaanzishwa Mwanza gazeti la Elimu Haina Mwisho, kwa kuwa mtu aliyejua kusoma asipopata cha kusoma husahau. Na kusahau kuna gharama. Mkataba wa duara ukiletwa mezani, wenye mgawo wa mwenye eneo, wa mwenye mashine na wa wachimbaji, anayeweka dole gumba bila kuusoma ameingia Kufikirika kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa namna ya kusoma. Andikeni jina la kila mtu mnayekutana naye na kazi yake. Kiswahili cha Shaaban Robert kina maneno mazito. Neno likikushinda lipigie mstari, uendelee mbele, kwani mara nyingi sentensi ya pili hulifungua. Mkimaliza, rudieni Kusadikika. Ninyi mnajua kwamba mchanga uliokwisha pita karashani na kwenye mwalo huitwa marudio. Mgeni huuona ni uchafu, lakini mwenyeji huupeleka tena kwenye mtambo wa kuchenjua, nao hutoa dhahabu. Safari hii mtazameni baraza lililokaa kimya wajumbe wakifungwa. Mara ya kwanza macho yetu yalikuwa kwa Karama peke yake.

Kazi ya nyumbani: someni kurasa kumi za mwanzo za Kufikirika, kwa sauti, mkipokezana wawili wawili. Kisha kila mmoja aandike jibu la swali hili: watabiri walipotaja kafara, nani alikuwa na nafasi ya kukataa? Mwalimu atazikusanya karatasi, nasi tutazisoma hapa redioni juma lijalo.